Dizeli ya sheli, bayodizeli au dizeli sintetiki: ipi inapunguza moshi wa lori lako?

Nianze na jibu, sababu zitafuata, maana mwenye malori hana muda wa kuzungushwa. Kama injini yako ni ya zamani, ya pampu inayorekebishwa kwa spana na bomba la moshi lisilo na filta yoyote, aina ya dizeli unayoweka tankini inabadilisha kinachotoka nyuma, tena kwa kiasi ambacho jicho linakiona. Kama ni mpya, yenye filta ya masizi na tanki la AdBlue (maji ya urea yanayosafisha moshi), vifaa hivyo vimeshafanya sehemu kubwa ya kazi, na dizeli ya ghali itakuongezea kidogo sana. Wengi wa Arusha na Moshi wako katikati: lori la mtumba kutoka Ulaya, lililotoka kiwandani na vifaa vyote hivyo, likafika huku vikang'olewa au vikazimwa. Hilo lina habari yake, tutalifikia.

Zinazolinganishwa

Dizeli ya sheli unaijua. Ya mikoa ya kaskazini huingia kwa bandari ya Tanga, ndiyo maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, Arusha na Kilimanjaro huwa na hesabu yao mbali na ya Dar es Salaam. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimeweka kikomo cha salfa kuwa milligramu 50 kwa kilo moja ya dizeli. Ulaya kikomo ni 10. Tofauti hiyo ya 50 na 10 inaonekana ndogo, lakini kwa injini za kisasa ni kubwa.

Bayodizeli hutengenezwa kwa mafuta ya mimea au ya wanyama yanayochanganywa na methanoli na kichocheo, gliserini ikatengwa, kinachobaki kikaoshwa. Mawese, alizeti, mbono, hata mafuta yaliyochoka kukaanga chipsi, yote yanafaa. Ikiwa asilimia 20 ndani ya dizeli ya kawaida huitwa B20, ikiwa peke yake ni B100.

Dizeli sintetiki ina matawi mawili. La kwanza lilianzia Ujerumani mwaka 1925, Franz Fischer na Hans Tropsch walipopitisha kaboni monoksaidi na haidrojeni juu ya kichocheo cha metali na kupata vimiminika vinavyowaka kama mafuta. Gesi hizo mbili zinaweza kutolewa kwenye makaa ya mawe, kama Sasol walivyoanza kufanya kule Sasolburg, Afrika Kusini, mwaka 1955. Zinaweza pia kutolewa kwenye gesi asilia, na hapo bidhaa huitwa GTL. Kiwanda kikubwa kuliko vyote cha aina hiyo ni Pearl cha Qatar, kilichoanza 2011, chenye uwezo wa mapipa 140,000 ya bidhaa za GTL kwa siku. Tawi la pili ni HVO: mafuta ya mimea au mabaki ya mafuta ya jikoni na machinjioni yanatibiwa kwa haidrojeni, kwa joto na mgandamizo mkubwa, mpaka oksijeni yote itoke. Neste wa Finland walifungua kiwanda chao cha kwanza cha HVO kule Porvoo mwaka 2007.

GTL na HVO zina asili tofauti kabisa, lakini zikishaingia kwenye nozeli ni kama pacha, na Ulaya hupimwa kwa kiwango kimoja, EN 15940. Kwa hiyo hapa chini nazihesabu kitu kimoja. HVO na bayodizeli, kwa upande mwingine, zinaweza kutoka kwenye mawese yale yale na bado zikawa bidhaa mbili zisizofanana. Mtu akikuuzia "dizeli ya mimea", swali la kwanza ni ipi kati ya hizo.

Kuna na ile inayotengenezwa kwa haidrojeni ya umeme na kaboni dioksaidi. Bado ni kidogo duniani na ni ghali mno, niiache.

Moshi mweusi unatoka wapi

Masizi ni kaboni iliyokosa oksijeni ya kuungua nayo. Dizeli ya kawaida ina aromatiki, yaani molekuli za kaboni zilizojifunga kama pete, na pete hizo ndizo mbegu za masizi. Kwa kawaida huwa kati ya robo na thuluthi ya dizeli. Kwenye dizeli sintetiki karibu hazipo kabisa. Tena seteni yake, kile kipimo cha wepesi wa kuwaka, ni 70 na kuendelea, wakati ya kawaida iko karibu na 50. Inawaka mapema na kwa utulivu, ndiyo sababu injini ya asubuhi hupunguza ule mgongano na moshi mweupe wa kuanzia. Bayodizeli inapambana na masizi kwa njia nyingine: karibu asilimia 11 ya uzito wake ni oksijeni, kwa hiyo inaingia kwenye silinda na akiba yake yenyewe.

Sasa ongeza mwinuko. Dizeli hiyo ilipakuliwa Tanga, usawa wa bahari. Arusha iko karibu mita 1,400 juu, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14. Ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi, unapoteza karibu moja ya tano. Injini isiyo na tabo, yaani feni ya kusukumia hewa ya ziada kwenye silinda, kama ile ya 1HZ iliyojaa kwenye Land Cruiser za utalii, inapata oksijeni pungufu huku pampu ikimimina dizeli ile ile. Matokeo unayaona kwenye kila mpando kutoka Mto wa Mbu kwenda Rhotia. Tabo inafidia sehemu kubwa, ila tabo iliyochoka haifidii kitu.

Halafu kuna fundi aliyeongeza mafuta kwenye pampu ili lori "lipande vizuri". Hakuna dizeli duniani, hata iwe ya dhahabu, itakayofuta kazi ya fundi huyo.

Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na sigara. Nalitaja kwa ajili ya utingo, dereva na mama anayeuza ndizi pembeni ya barabara pale Tengeru. Wao hawachagui dizeli ya lori lako.

Namba zenyewe

Kwa injini kubwa zisizo na filta, hali iko hivi:

| | Dizeli ya sheli | Bayodizeli (B100) | GTL / HVO |
|---|---|---|---|
| Masizi | msingi wa kulinganisha | pungufu karibu nusu | pungufu 20–30% |
| Oksidi za naitrojeni | msingi | zaidi kwa takriban 10% | pungufu kidogo, hadi 10% |
| Salfa | hadi milligramu 50 kwa kilo | kidogo sana | karibu sifuri |
| Nishati kwa lita | megajuli 36 | megajuli 33 | megajuli 34 |

Namba za B100 zinafuata uchambuzi wa shirika la mazingira la Marekani, EPA, wa mwaka 2002, uliokusanya majaribio mengi ya injini za malori. Uchambuzi huo ulikuta pia kaboni monoksaidi ikishuka kwa karibu nusu na haidrokaboni zisizoungua kwa theluthi mbili. Ukishuka kwenye B20 faida inapungua sana: masizi asilimia 10 tu. Anayekuuzia B20 akitumia namba za B100 anakupiga.

Kwa HVO, jaribio ninaloliamini zaidi ni la mabasi ya Helsinki. Kuanzia 2007 hadi 2010 mabasi kama 300 yalitembea na HVO kazini, yakiwa na abiria, mengi yakitumia mchanganyiko wa asilimia 30 na machache HVO tupu. Kwa HVO tupu masizi yalishuka kwa wastani wa asilimia 30 na oksidi za naitrojeni asilimia 10. Mabasi hayakufunguliwa injini wala kubadilishwa kitu. Kwangu hilo lina uzito kuliko kipimo cha maabara, kwa sababu basi la mjini linasimama na kuondoka, linasimama na kuondoka, hali inayofanana na daladala za Mbauda kuliko lori lililotulia kwenye tambarare za Same.

Oksidi za naitrojeni: hapa ndipo watu wanapotea

Masizi yanaonekana, kwa hiyo yanapewa lawama zote. Oksidi za naitrojeni hazionekani na zinaumiza mapafu vilevile. Zinazaliwa joto la silinda likiwa kali sana, naitrojeni ya hewa ikaungana na oksijeni. Kwa hiyo mara nyingi ukipunguza kimoja unaongeza kingine: choma vizuri, masizi yashuke, joto lipande, oksidi ziongezeke. Bayodizeli imenaswa hapo.

Kwenye injini za pampu ya zamani kuna sababu ya ziada, na ni nzuri kuijua. Bayodizeli haiminyiki kirahisi kama dizeli ya kawaida. Msukumo wa pampu unafika kwenye nozeli mapema kidogo, sindano inafunguka mapema, mwako unaanza mapema, joto linapanda. Dizeli sintetiki inafanya kinyume: inaminyika zaidi, sindano inachelewa kidogo. Ndiyo maana mafundi wa nchi zilizoizoea wanasema inapunguza masizi na oksidi kwa pamoja, jambo adimu. Kwenye injini za komonreli, ambazo kompyuta ndiyo inayofungua nozeli, tofauti hii ya wakati inakwisha, na faida ya oksidi hupungua au kupotea.

Sasa lile lori la mtumba. Malori mengi ya Euro V (Euro ni ngazi za viwango vya moshi vya Ulaya, namba ikipanda kikomo kinakaza) yaliundwa kwa mpango huu: acha injini ichome kwa ukali ili isile mafuta, itoe oksidi nyingi, halafu AdBlue izifute kwenye bomba la moshi. Kikomo cha Euro V ni gramu 2 za oksidi kwa kila kilowati-saa. Euro III ilikuwa 5. Ukizima AdBlue kwa kifaa cha kuidanganya kompyuta, unabaki na injini inayochoma kwa ukali bila wa kusafisha nyuma yake, na lori hilo "la kisasa" linaweza kutoa oksidi kuliko Fuso la zamani unalolicheka. HVO itapunguza sehemu ndogo tu ya hizo. Kabla ya kuuliza bei ya dizeli sintetiki, uliza bei ya kurudisha mfumo wa AdBlue. Ni uchaguzi bora kwa mbali, na sioni pa kubishana.

Lita, shilingi na mpira wa pampu

Dizeli sintetiki ni nyepesi. Lita yake ina uzito wa gramu 770 hadi 790 hivi, ya kawaida inakaribia 830 au 840. Kwa kilo ina nishati nyingi kidogo kuliko ya kawaida, lakini sisi tunanunua kwa lita. Tegemea ulaji kupanda kwa asilimia 3 hadi 5. Chukua lori linalokula lita 40 kwa kilomita 100 kwenda Dar es Salaam, karibu kilomita 640: lita 256 zinakuwa kama 266. Kumi za ziada kila safari, kabla hujagusa bei ya lita yenyewe, ambayo Ulaya kwa kawaida iko juu ya dizeli ya kawaida. Bayodizeli tupu ni mbaya zaidi upande huu, inakula asilimia 8 au 9 zaidi. Dereva wa lori la pampu ya zamani atakuambia pia kwamba nguvu imepungua kwenye mlima. Hakudanganyi: pampu inapima kwa ujazo, na ujazo ule ule sasa umebeba nishati pungufu.

Jambo la mpira wengi hawaambiwi. Aromatiki za dizeli ya kawaida huvimbisha kidogo sili za mpira kwenye pampu na mabomba. Sili zilizokaa miaka kumi zimevimba, ghafla ukaweka dizeli isiyo na aromatiki, zinasinyaa na kuanza kuvuja. Kwenye gari jipya halitokei. Kwenye gari kongwe, badilisha sili kwanza. Bayodizeli inafanya tatizo lake tofauti: inayeyusha uchafu wote uliogandia kwenye tanki na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo filta ya kwanza na ya pili zitaziba haraka, na mpira wa aina fulani unalainika.

Dizeli sintetiki pia haina ulainisho wa asili, na pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Muuzaji mwaminifu huongeza dawa ya ulainisho. Asilimia moja au mbili ya bayodizeli inafanya kazi hiyo hiyo. Muulize.

Kwenye kutunza, HVO na GTL ziko mbele. Zinakaa tankini muda mrefu bila kuharibika. Bayodizeli inavuta maji, inaota ukungu na inachacha. Miezi sita ni mingi. Ile ya mawese huanza kuganda kwenye nyuzi joto 13 hadi 16, na asubuhi ya Juni kule ukingoni Ngorongoro ni baridi kuliko hapo. Mwenye kambi asiyejua hili ataamka na jenereta limekataa.

Mbono wa Arusha

Haiwezekani kuzungumzia dizeli ya mimea hapa bila mbono kaburi. Miaka ya 2000 Arusha ilikuwa kitovu chake: KAKUTE walihamasisha vijiji kuupanda, na Diligent Tanzania walinunua mbegu kwa wakulima wadogo na kukamua mafuta. Matarajio yalikuwa makubwa kuliko mavuno. Mmea unavumilia ukame, kweli, lakini kuvumilia ukame na kuzaa mbegu nyingi kwenye ukame ni mambo mawili.

Kilichobaki ni imani kwamba mafuta ya mbono au ya alizeti yanaweza kumiminwa tankini yalivyo. Yanawasha injini, ndiyo. Ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli, nozeli hazitawanyi vizuri, makaa yanajenga kwenye ncha zake, ringi zinanata, na oili inageuka uji. Usilinganishe hayo na bayodizeli. Ni kitu kingine na hakistahili nafasi kwenye jedwali.

Kuhusu hali ya hewa, kwa ufupi

Moshi safi na hali ya hewa ni hesabu mbili. GTL ya gesi asilia inasafisha bomba la moshi, lakini ukihesabu kuanzia kisimani mpaka barabarani, kaboni yake inakaribia ya dizeli ya kawaida. Ya makaa ya mawe ni mbaya kuliko zote, karibu mara mbili. HVO ya mabaki ya jikoni inaweza kukata hadi asilimia 90. Ya mawese yaliyopandwa kwenye msitu uliofyekwa inaweza kuwa hasara tupu. Mtalii akikuuliza kama gari lako ni "la kijani", jibu linategemea karatasi ya asili ya mafuta, wala si rangi ya moshi.

Nani achukue ipi

Pampu za sheli zetu haziuzi dizeli sintetiki. Anayeitaka anaagiza kwa mkataba, kwa matangi au mapipa, na gharama ya usafiri inamuumiza. Kwa hiyo nisingemshauri mwenye lori la masafa marefu aihangaikie. Hela hiyo iende kwa fundi pampu: nozeli zipimwe, pampu irudishwe kwenye kipimo cha kiwandani, filta ya hewa ibadilishwe kwa wakati, maana vumbi la barabara ya Loliondo linaziba filta kabla ya kitabu kusema. Halafu nunua dizeli sehemu unayoiamini. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa inaua ulainisho wa pampu na kuharibu nozeli, na ndiyo sababu serikali iliweka vinasaba, yaani alama ya kemikali ya kutambua uchakachuaji, kwenye mafuta.

Ninaowaona wakifaidika na HVO au GTL ni wachache na wanajulikana. Kambi na lodge zenye jenereta linalounguruma usiku kucha karibu na vyumba vya wageni: masizi yanapungua, harufu inapungua, mafuta yanakaa bila kuchacha, na mteja analipa bei inayoweza kubeba tofauti. Maghala yenye foklifti za dizeli zinazofanya kazi ndani, ambako wapakiaji wanavuta kila kinachotoka. Na kampuni ya utalii yenye injini zisizo na tabo zinazosubiri simba kwa saa nzima injini ikiwaka, ingawa kuzima injini ni bure.

Bayodizeli ningeiweka kwa mwenye chanzo chake cha mafuta chakavu, mwenye uwezo wa kuipima na kuitumia ndani ya wiki chache, kwa B20 na chini ya hapo, Moshi kuliko Karatu kwa sababu ya baridi.

Na mwenye Euro VI nzima, ambaye hajang'oa kitu, yuko kwenye hali ya pekee. Moshi wake tayari ni msafi: gramu 0.01 za masizi kwa kilowati-saa, sehemu ya kumi ya Euro III. Dizeli sintetiki haitausafisha zaidi kwa kiasi cha kutambulika. Tatizo lake ni salfa ya 50, wakati vichocheo vyake viliundwa kwa 10. Vinadhoofika polepole na filta inaomba kuchomwa masizi mara kwa mara. Huyu akiweza kupata mafuta ya EN 15940, au dizeli ya kawaida yenye karatasi ya salfa 10, ananunua uhai wa vifaa vya mamilioni. Asipoweza, achukue kipimo cha mgandamizo wa filta kila huduma na kukiandika, ili siku fundi akimwambia "ng'oa hii kaka, inakusumbua", awe na namba za kumjibu.